Katoni ya Gahongayire

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Gahongayire wa Nyarutarama alivuta katoni ya friji kutoka chini ya gari la mashindano la mumewe, akaikagua kama daktari anayesoma picha ya kifua. Doa la mafuta halikukosekana. Mwishowe alimwambia mumewe, Mugenzi, kwamba tone likionekana tena Jumamosi, gari linauzwa. Mnunuzi alikuwa tayari, mtu wa kupakia kabichi.

Habari hiyo ilimchoma Joselyne, fundi wa Muhima, kuliko ilivyomchoma Mugenzi mwenyewe. Injini ile aliiunda yeye, nati kwa nati, na kuiwazia ikibeba kabichi kulimtoa machozi. Akaapa kulimaliza tatizo, na hapo ndipo maringo yalipomponza.

Ugonjwa aliujua. Injini ikikimbizwa sana, moshi hupenya kandokando ya pistoni na kujaa tumboni, na ukikosa njia hujisukumia kwenye sili, zile pete za kuziba mafuta, ukatoka nayo. Fundi mwenye akili zake angefunga mpira wa kupitisha moshi na chupa ya kukusanyia mafuta, mambo yakaisha. Joselyne alitaka makubwa. Alichomelea bomba kutoka juu ya injini hadi kwenye ekzosi, njia ya kutolea moshi, akaliwekea vali inayoruhusu hewa kutoka na kuizuia kurudi. Moshi ukipita kwa kasi kwenye ekzosi, unainyonya hewa yote ya tumboni. Alilijaribu kwenye uwanja wa mazoezi huko Bugesera, ekzosi wazi bila sailensa, injini ikinguruma, na hapakuwa na hata jasho la mafuta.

"Bosi, sasa iko kavu kama kiberiti," alimwambia Mugenzi.

Jumamosi asubuhi simu ikalia. Katoni ilikuwa na doa la ukubwa wa sahani. Joselyne alifika kwa pikipiki ya kukodi, helmeti ya abiria bado kichwani.

"Jana ulienda mwendo gani?"

"Arobaini," Mugenzi alijibu kwa fahari. "Kamera za barabarani, hizi Sofia, ziko kila kona, dada, zote zinapiga picha. Na sailensa nilirudisha, majirani wanalala."

Joselyne alielewa papo hapo. Bila mbio na bila ekzosi wazi, bomba lile ni pambo tu. Alikuwa amempa mapafu ya mkimbiaji mtu anayetembea. Mdomo ulishafunguka kumlaumu Mugenzi, lakini aibu ikamshika.

"Kosa ni yangu, madamu," alimwambia Gahongayire. "Hii kitu inapumua ikikimbia tu. Chupa ilikuwa inatosha. Nilitaka kujionyesha."

Gahongayire akanyoosha mkono kwa mumewe apewe funguo.

"Twende huko inapumua. Naendesha mimi."

Akakunja katoni mpya, akaitia kwenye buti. Mugenzi aliachwa getini.

Uwanjani Joselyne alivua sailensa na kufuta mafuta ya jana. Mzunguko wa kwanza Gahongayire aliendesha kama aliyepakia mayai. Wa tatu alivua viatu. Kufikia wa saba Joselyne alikuwa ameng'ang'ania mlango, akimuahidi Mungu kwamba hataringa tena. Waliposimama, walisukuma katoni chini ya injini, wakangoja nusu saa. Joselyne hakuthubutu kuivuta. Gahongayire akaivuta yeye. Ilikuwa safi.

"Haiuzwi," alisema. "Na funguo nakaa nayo mimi, mpaka siku itavuja mkononi mwangu."

Joselyne alilia waziwazi, wala hakujali. Kwa safari za mjini alifunga mpira na chupa, kama alivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

Wiki iliyofuata alikwenda Nyarutarama kuikagua ile chupa. Alimkuta Mugenzi amepiga magoti mbele ya katoni, tochi mkononi, shavu karibu liguse vigae.

"Bosi, unatafuta nini?"

"Tone, dada," Mugenzi alinong'ona. "Moja tu. Hata kadogo."