Sevieti ya Kiti cha Dirishani

Mwanatumu alikunja sevieti za Idi alasiri, mikono ikiwa mikavu, dirisha limefungwa ili upepo usimchezee kazi. Alikuwa mpambaji wa kumbi za harusi, na mjini Machakos ilijulikana kwamba karatasi ikipita vidoleni mwake hutoka ua, feni au boti. Jamaa zake wa pwani walicheka waliposikia kwamba siku ya Idi nyumba yake hula mezani, kila mtu na sahani yake na karatasi yake, badala ya kuzunguka sinia mkekani. Aliwaacha wacheke. Mcheza kwao hutunzwa, na kwao sasa kulikuwa Machakos.

Huo ulikuwa mwaka wa mvua za El Nino. Alikunja feni, akazisimamisha kwenye glasi, moja kwa kila kiti. Moja aliiweka mbele ya kiti cha dirishani, ingawa alijua hakitakaliwa na mtu. Kilikuwa kiti cha Zamzam, binti yake wa kwanza.

Zamzam alikuwa ameolewa na Musembi, muuza vioo na mabati wa Tala, kijana aliyesilimu kabla hata hajamjua yeye. Mahmud, baba yake Zamzam, alikuwa na duka la vitambaa na maneno machache. Alisema aliyesilimu juzi hamwozeshi binti yake. Kadhi alitafuta sababu nyingine ya kukataa, hakuiona, akawaozesha. Tangu siku hiyo Mahmud alikataza jina la Zamzam lisitajwe nyumbani mwake. Kulikuwa na tatizo moja, kwamba mkewe alikuwa Mama Zamzam tangu ujana wake. Mahmud akaanza kumwita Mama Farhan, kwa jina la mtoto wa pili, na mwezi haukuisha mtaa mzima ukafuata.

"Mtoto akikunyea kiganja, hukikati," Mwanatumu alimwambia. "Unakiosha."

"Mimi nimeshanawa," Mahmud akajibu.

Asubuhi ya Idi, wanaume waliporudi kutoka kuswali, feni ya kiti cha dirishani haikuwa feni tena. Ilikuwa nyumba ndogo yenye mlango, madirisha mawili, na paa lenye migongo kama ya mabati.

"Mama Farhan, umeanza mtindo mpya?" Mahmud aliuliza.

"Si mimi."

"Basi ni nzuri," alisema Mahmud, akavuta sahani ya pilau.

Baada ya chakula Mwanatumu aliikunjua nyumba ile ajue imekunjwa vipi. Karatasi ikishapata kovu hailisahau, na mpambaji husoma makovu hayo kama fundi cherehani anavyosoma mshono. Aliyoyaona hakuwa ameyapiga yeye. Alijaribu kuirudisha nyumba, akapata kitu mfano wa kibanda cha kuku. Alipoiacha mezani na kwenda kuosha vyombo, ilijirudisha yenyewe. Akaitia ndani ya kabati la vioo, pamoja na vikombe vya wageni.

Jumanne ikaja, siku ya Nzisa, mwanamke wa Tala aliyeleta nyanya na maembe mlango kwa mlango. Nzisa hakuwa na habari za majina mapya.

"Wimuseo, Mama Zamzam," alisalimu kwa Kikamba. "Zamzam anakusalimia. Wamehamia kwa nyumba yao. Iko na mabati mapya, ukipita barabara inakupiga macho."

"Ina madirisha mawili?" Mwanatumu akauliza.

"Mawili. Nani alikuambia?"

Mwanatumu alichagua nyanya muda mrefu kuliko nyanya zilivyostahili.

Idi iliyofuata sevieti ya dirishani ilikuwa kiatu cha mtoto mchanga, cha mguu wa kushoto, na kamba zake. Haweya, jirani, mke wa mfanyabiashara wa ng'ombe, alileta watoto wake kukitazama. Mahmud alivaa miwani akahesabu matundu ya kamba, akasema kazi kama ile hata Nairobi haipatikani. Nzisa alipokuja alithibitisha: ni msichana, na amepewa jina la Mwanatumu. Mwanatumu mkubwa aliingia jikoni akalia, kisha akarudi kumlipa Nzisa.

Kuanzia hapo watu walianza kuulizana mapema. Mwezi mtukufu ukifika katikati, Haweya alikuwa tayari ana ubashiri wake, Farhan naye ana wake. Mahmud hakubashiri, lakini siku ya Idi aliswali mstari wa nyuma karibu na mlango, akawa wa kwanza kufika nyumbani.

Mwaka wa tatu kilikuwa kitanda, na kando yake mti mwembamba uliotundikwa chupa.

"Ni benchi la duka," alisema Farhan.

"Benchi gani lina mto?" Haweya akasema. "Wallahi, huyo ni mgonjwa."

Mahmud alinyoosha kidole, akalainisha pembe ya shuka ya karatasi iliyokuwa imeinuka. Siku hiyo hakumaliza pilau. Tala si mbali. Mtu akiondoka Machakos asubuhi anarudi kabla ya alasiri. Mwanatumu alivaa buibui, akasimama karibu na mlango na mkoba mkononi.

"Ukienda huko," Mahmud alisema bila kugeuka, "ukae huko huko."

Farhan alikuwa bado anakula. Mwanatumu alimtazama kijana wake, akatazama mlango, akauweka mkoba chini. Siku zile kabla ya Jumanne zilimla nyama.

"Zamzam alipasuliwa tumbo," Nzisa alisema alipofika. "Lakini sasa ako sawa, anatembea. Hata kwao iko moja, Mama Zamzam."

"Moja ya nini?"

"Karatasi. Anaweka meza kama wewe, na kiti yako na ya Mzee. Juzi ya Mzee ilikuwa meno kwa glasi. Wakasema, baba ameng'olewa meno."

Ilikuwa kweli. Meno ya Mahmud ya bandia yalikuwa bado yanamkwaruza ufizi.

"Anasema atakuja," Nzisa akaendelea, akipanga maembe. "Lakini baba yake amwite kwa mdomo yake. Neno moja tu."

Jioni Mwanatumu alimpelekea mumewe chai, akalifikisha neno hilo kama alivyolipokea. Alimwambia kwamba haombi kingine duniani. Mahmud alipuliza chai.

"Nimwitie nini?" alisema. "Si namwona kila Idi?"

Akasema hivyo kwa upole, bila hasira, na hilo ndilo lililomkatisha Mwanatumu tamaa.

Idi ya nne ulikuwa mkono.

Ulisimama kwenye sahani ya kiti cha dirishani, ukubwa wa mkono wa mwanamke, umenyooshwa kuelekea kiti cha Mahmud, kiganja kimefunguka. Kucha zilionekana. Kwenye kidole cha shahada kulikuwa na kovu la kisu ambalo Zamzam alilipata utotoni, akimenya muhogo.

"Unaomba," alisema Farhan.

"Unasalimia," alisema Haweya.

Mwanatumu alikuwa amesimama na sinia la sambusa. "Ushike, Baba Zamzam," alisema.

Jina lile lilikuwa halijasikika mezani hapo miaka minne. Hakuna aliyeshtuka. Mahmud aliinamisha kichwa, akautazama mkono kutoka upande huu, kisha upande ule. Akauleta wake karibu, karibu kabisa, kiasi kwamba vidole vya karatasi vilitikiswa na pumzi yake. Halafu akaurudisha mapajani.

"Nikiushika, mikunjo itaharibika," alisema. "Na kazi ni nzuri mno."

Kisha wakala.

Kabati lilikuwa limejaa, na mkono haukuingia. Mahmud aliagiza kabati jipya, pana, la mvule. Fundi alisema vioo vizuri hukatwa Tala, kwa Musembi, na Mahmud akasema vitoke kokote mradi visiwe na mawimbi. Vioo vikaja vimefungwa kwa magazeti. Fundi akavipachika, Mwanatumu akapanga nyumba, kiatu, kitanda, na mkono katikati.

Mahmud alikaa kwenye kochi kulitazama.

"Mama Farhan, hapo chini pana doa."

Mwanatumu alikuwa ameshaliona. Kwenye pembe ya kioo kulikuwa na alama ya kiganja cha mtoto, vidole vitano vyenye mafuta ya mandazi, kwenye kimo cha mtoto wa miaka miwili aliyejishikiza asianguke. Alikuwa amefuta kioo kizima akaizunguka.

"Liache," alisema.

Lakini Mahmud alipenda vitu safi. Aliinuka mwenyewe, akachukua sevieti, akapiga goti moja. Alifuta taratibu, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka kioo kikang'aa. Kisha akarudi kwenye kochi, akavaa miwani.

"Sasa," alisema, "anaonekana vizuri."