Siku ya Kupimwa Hewa

Injini alikuwa amejikunja nyuma ya mifuko ya saruji, kitambaa mdomoni, akikohoa kama anayetapika misumari. Wapakiaji wenzake hawakugeuka. Jina hilo walimpa wao, kwa mlio wa kifua chake.

"Zima hiyo mashine, baba, wageni wanakaribia!" mmoja alimpigia kelele. Wengine wakacheka.

Miaka nenda miaka rudi alikuwa akijaza saruji, vumbi akilivuta, akilitema, akilimeza. Daktari alimwambia wazi: limekaa ndani likikwaruza mpaka mapafu yamevimba, na asipolikimbia, dawa yoyote atakayopewa ni kazi bure.

Akimbilie wapi? Alimwomba msimamizi, mume wa dada yake, amhamishie getini.

"Shemeji," msimamizi alimwambia sasa, akijipangusa viatu, "wakaguzi wakipita, hata panya akikohoa sitaki kumsikia. Ukinyamaza, kesho uko getini. Ukiniaibisha, uko barabarani. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, shemeji."

Mitambo ilikuwa imezimwa tangu jana yake, sakafu imemwagiwa maji. Wakaguzi waliingia na kidude chao cha kupimia, wakakiinua juu, wakakitazama, wakatabasamu. Hewa safi! Mmoja wao, mwanamke, akasimama mbele ya Injini.

"Pole na kazi, mzee. Kifua hakikusumbui?"

Hakuwa mzee. Kikohozi kilimpanda kooni. Akakibana. Mishipa ya shingo ikamsimama, machozi yakamlenga, kitu chenye ladha ya chuma kikamjaa mdomoni. Akakimeza, akatikisa kichwa.

"Ana haya huyu," msimamizi alicheka. "Karibuni chai."

Gari lao lilipotoka tu, Injini alipiga magoti akakohoa mpaka damu ikatapakaa sakafuni. Msimamizi alimkuta anajifuta kidevu, anatabasamu.

"Nimenyamaza, shemeji. Getini naanza saa ngapi?"

"Getini kufanya nini? Nimekutazama kwa macho yangu. Muda wote ule hukukohoa hata mara moja! Mgonjwa gani anajizuia hivyo? Unakohoa ukitaka, unaacha ukitaka. Uvivu tu. Shika mfuko."

"Shemeji, dada yangu, mkeo, anajua..."

"Shika mfuko!"

Msimamizi akainua mkono kuashiria, mitambo ikanguruma. Vumbi likaporomoka kutoka kwenye mihimili, likatua juu ya ile damu, likainywa. Kabla ya saa ya chakula ilikuwa imeganda, ya kijivu, ngumu kama sakafu yenyewe, na watu wakipita juu yake.