Dada Anasema Tusimame

Mtu akikwambia kwamba Mwajabu alipanda gari la posa bila kualikwa, mlete kwangu nimjibu. Nilialikwa. Mwanaamina, jirani yangu wa ukuta mmoja pale Kibondo, aliniambia kwa kinywa chake, "Shoga, mimi mama wa bwana siwezi kwenda, si adabu. Nenda wewe uwe macho yangu." Masikio hakuyataja, ila niliyachukua pia.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Khatibu, mwanawe Mwanaamina, mpima tumbaku, alikuwa amempenda Siti, mwalimu wa elimu ya watu wazima, binti wa Tamimu wa Kasulu. Sasa huyo Tamimu ana duka la vitambaa, na ana masharti. La kwanza, haozi binti kwa mtu asiye na jamaa pwani, maana yeye mwenyewe, kwa maneno yake, ni mtu wa pwani. La pili, posa huja siku ya Ijumaa, watu wakishatoka kuswali Ijumaa na kabla ya Alasiri. Alasiri ikiadhiniwa, mlango umefungwa. Mwaka ule wa sabini na tano alikwisha kuwarudisha wachumba wawili, na mmoja wao inasemekana alichelewa kwa kufunga kamba ya kiatu. "Anayechelewa posa," Tamimu husema, "atachelewa na uji wa mtoto." Na kulikuwa na fundi cherehani wa Ujiji ameshapewa Ijumaa inayofuata, na kanzu yake ameishona tayari. Kwa hiyo Khatibu alikuwa na siku moja tu, nayo ndiyo hiyo.

Jamaa wa pwani alikuwepo: Gharibu, kaka yake Mwanaamina, mzaliwa na mkazi wa Tanga. Akaja na Peugeot yake, amekula vumbi siku nne, na mapajani kapakata rediokaseti kama mtoto mgonjwa.

Hiyo rediokaseti ina habari yake. Kaka na dada hawa walikuwa wakipelekeana kaseti badala ya barua. Miaka mitatu nyuma, Mwanaamina alipanda lori la chumvi lililokuwa likirudi Uvinza, akakaa mbele na mashine yake, akamsimulia kaka njia yote ya Kibondo mpaka Kasulu, kaseti baada ya kaseti: mto huu, kilima kile, nyumba hii ya fulani na ndani yake kuna nini. Lori likisimama anashuka nayo, inameza na salamu za watu. Gharibu aliisikiliza Tanga mpaka watoto wa mtaa wakawa wanaiimba. Alikuwa hajawahi kukanyaga nchi hii ya Waha, lakini nilipofungua mdomo tu kumwambia njia ya kutokea sokoni, alinigeukia.

"Bibi, usinielekeze. Njia hii naijua kuliko nyie mnaoipita."

Khatibu akashika usukani, mjomba akakaa kushoto kwake, mimi nyuma na kapu la zawadi. Saa moja asubuhi. Mjomba akabonyeza.

"Kaka Gharibu, asalaam alaykum," ikasema sauti ya Mwanaamina, na lori likinguruma nyuma yake. "Sasa tunatoka Kibondo. Kuanzia hapa, kila nitakapokwambia simama, simama ushuke usalimie. Huku si Tanga, kaka. Huku ukipita kwa mtu bila salamu, jina lako litafika Kasulu kabla yako, na mimi dada yako watanisema mpaka nizikwe."

"Umesikia?" Gharibu akamwambia Khatibu.

"Nimesikia, mjomba."

Tabu ya kwanza ilikuwa mwendo. Lori la chumvi linakwenda kama bibi mwenye goti, Peugeot inakwenda kama aliyeitwa. Kaseti ilikuwa bado inasifu mashamba ya tumbaku, sisi tumeshaingia porini. "Punguza!" mjomba akapiga kelele. "Tumempita dada!" Tukatambaa. Kisha tukaingia kwenye mchanga, tairi zikazunguka bure, na Mwanaamina huyo, yuko daraja la Malagarasi anasifia maji. "Ongeza! Dada katuacha!" Kumzima dada katikati ya sentensi, mjomba alisema, ni utovu wa heshima.

Tabu ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka mmoja nyuma ilipita Operesheni. Watu wote waliokuwa wametawanyika, huyu bondeni kwake, yule kilimani kwake, walihamishiwa vijiji vipya, nyumba zimepangwa kwa mistari kama mahindi. Nyumba zote alizozitaja Mwanaamina zilikuwa hazipo.

"Simama hapa," ikasema kaseti. "Hapa kwa Ndihokubwayo, ana wake wawili na hawasemezani."

Tukasimama. Palikuwa na migomba, jivu la zamani, na kinu kilichopasuka.

"Mzee Gharibu," nikasema, "hawa walihamishwa."

"Dada anasema wapo."

"Alisema mwaka wa sabini na mbili!"

"Bi Mwajabu, aliyetoka tumbo moja na mimi ni wewe au yeye?" Akashuka na kofia yake, akaisogelea ile migomba. "Hodi! Hodi wenyewe!" Akangoja. Akarudi. "Hawapo," akasema, kana kwamba yeye ndiye aliyeligundua hilo. "Lakini nimesalimia. Hakuna atakayemsema dada."

Alipiga hodi kwenye magofu sita. Khatibu alikuwa anatazama saa tu. Na angesemaje? Mjomba ndiye mshenga, na gari ni la mjomba. Ukimuudhi anageuza kwenda Tanga na maneno ya posa yako mdomoni mwake.

Gofu la saba, kaseti ilikuwa na salamu ndani yake. "Bazilio!" Mwanaamina akaita kwenye mashine. "Bazilio wee! Toka huko, tumekuona!"

Migomba ikatikisika. Akatoka mzee mfupi, mkungu wa ndizi kichwani, mikono juu.

"Mkubwa," akamwambia Gharibu, "ni mkungu mmoja tu. Mgomba huu niliuacha na mimba. Ningeacha azaliwe peke yake?"

Watu walikuwa wamekatazwa kurudi mahame walikohamishwa, na huyu aliona gari, kofia, na mashine inayosoma majina. Alidhani tumetumwa na serikali.

"Sisi ni watu wa posa," Khatibu akamwambia.

"Posa kwenye migomba?"

Kabla hatujamjibu, mashine ikatoa sauti nyingine, ya mwanamume. "Mwakeye! Karibuni! Mmeamkaje huko mtokako?" Na mbwa anabweka, na mwanamke anacheka mbali, na kuku.

Bazilio akateremsha mkungu polepole. "Huyo ni mimi," akasema. "Na huyo ni mbwa wangu. Na anayecheka ni mke wangu Epifania, kabla hajaanza kunisema." Kisha akafanya jambo ambalo sijaliona kabla wala baada. Akainama, akapiga makofi ya heshima, akaiitikia mashine. "Mwakeye, mwakeye neza." Alipoona tunamkodolea macho akasema, "Kwani? Mtu amenisalimia. Hata kama ni mimi."

Akaomba airudie. Gharibu akairudia mara mbili, na mara ya tatu bila kuombwa. Saa ya Khatibu ikawa inazidi kwenda. Bazilio aliishi kijiji kipya cha Nyakitonto, njiani kwetu, tukampakia yeye na mkungu wake, wote wawili juu ya miguu yangu. Gari likaondoka, na kwenye kaseti lori nalo likaondoka.

"Sasa tumeshatoka hapo, kaka, nikwambie," Mwanaamina akanong'ona. "Bazilio ni mtu mwema sana. Ila pombe yake ya ndizi siku ya Jumapili anaitia maji, watu wakitoka misa wana kiu, hawaonji tofauti."

Nikatazama nje. Miti ilikuwa mizuri sana ghafla.

"Si Jumapili zote," Bazilio akasema.

Tulipokaribia Nyakitonto ilikuwa saa tisa. Kutoka hapo mpaka Kasulu kwa vumbi lile ni saa nzima, na Alasiri huadhiniwa saa kumi na kitu. Yaani tukienda moja kwa moja, tunafika mwadhini ndiyo kwanza anakohoa. Khatibu alikuwa kaushika usukani kama anataka kuung'oa.

"Kaka," ikasema kaseti, "hapa Nyakitonto, hata ukipita kwa wote bila salamu, usipite hivyo kwa Bibi Maximilla. Huyu ndiye aliyemzaa Tamimu wa Kasulu. Ndiyo, huyohuyo wa vitambaa, anayejiita mtu wa pwani. Pwani yenyewe aliiona kwenye kalenda."

Khatibu akakanyaga breki, mkungu ukanifikia kidevuni.

"Mjomba! Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naisikia kila siku," Gharibu akasema, kofia imemkaa upande. "Nitajuaje kwamba Tamimu wa kwenye kaseti ndiye Tamimu wa posa? Akina Tamimu ni wengi."

"Amehamishwa naye," Bazilio akasema. "Mstari wa tatu, mlango wa debe. Nitawaonyesha."

Kwa mara ya kwanza siku ile Gharibu hakusema dada anasema nini. Alimtazama mpwa wake. "Khatibu, tukiingia hapa tumechelewa. Hilo nalijua hata bila kaseti. Mwenye kuoa ni wewe."

Kijana akatazama saa. Namwona mpaka leo, jasho na vumbi vimemchora usoni kama chungu. Halafu akasema, "Nitamwambia nini Siti? Nimekuja kukuomba, na bibi yako nimempita?" Akakata kushoto kuelekea kijijini.

Bibi Maximilla alikuwa nje anaanika maharage. Mfupi, mkavu, macho kama ya kuku. Tulisalimiana kama inavyotakiwa, makofi, afya, watoto, mvua, shamba, watoto tena. Nilikuwa nahesabu dakika kwa vidole vya miguu. Mwisho akamfuata Khatibu.

"Cheka," akasema.

"Bibi?"

"Cheka nikuone."

Khatibu akacheka, kicheko cha mtu anayeumwa tumbo. Ana pengo la jino la juu.

"Lipo," bibi akasema. "Ndiye. Siti ameniambia. Kila Jumatano anakuja kufundisha watu wazima hapa, na mtu mzima wake ni mimi. Nimefika herufi ya M."

"Na baba yake anajua?" nikauliza, maana nisingeuliza ningeugua.

"Baba yake ananiletea sukari. Si mtoto mbaya. Anakaa hapa mpaka chai inapoa. Ila kukiwa na wageni kwake, husema nisije, barabara ina vumbi." Akatutazama mmoja mmoja, nywele, kope, nguo. "Leo vumbi naliona mmelimaliza nyie. Ngojeni nibadili kitenge."

Akakaa mbele. Gharibu akaja nyuma kwangu na mashine yake, Bazilio akabaki kwake na mkungu, nami nikapata miguu yangu.

Kasulu tuliingia watu wameshaswali. Si kuadhini tu, wameshaswali, wametoka, wazee sita wamekaa barazani kwa Tamimu kwenye mkeka, na yeye amesimama mlangoni, kanzu inameremeta, mkono kwenye kitasa.

Gharibu akashuka mbio, akaanza, "Asalaam alaykum, Shehe Tamimu, njia yenu hii..."

"Waalaykum salaam. Mmechelewa." Hakupandisha sauti. "Nasikitika, bwana. Wewe mwenyewe ni mtu wa Tanga, unajua. Sisi watu wa pwani saa ni saa." Akauvuta mlango.

Khatibu hakushuka. Alikuwa kaweka paji la uso kwenye usukani. Upande wa pili mlango wa gari ukafunguka, fimbo ikatoka, kisha kitenge.

"Felisiani!"

"Karame, mama!"

Neno limemtoka Tamimu kabla hajalishika. Ndivyo Waha wanavyoitika wakiitwa na mkubwa, na huwezi kulizuia, ni kama chafya. Tamimu akatazama wazee, akamtazama mama yake anapanda ngazi, na magoti yakamwamulia. Akachuchumaa na kanzu yake kwenye vumbi, akapiga makofi.

"Barabara ina vumbi, mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Nimeliona. Hawa watu wamechelewa kwa kunisalimia mimi. Kama mlango umefungwa kwao, na kwangu umefungwa. Nitakaa na wenzangu garini."

Mmoja wa wale wazee, ambaye tangu nimjue anasema babu yake ni wa Unguja, ndiye aliyepiga makofi wa kwanza. "Mwidiwe, mama," akasema, kwa Kiha safi cha bondeni. Wa pili akafuata. Kufumba na kufumbua, baraza nzima ya watu wa pwani imeinama inapiga makofi, na ndani wanawake wanafanyiana ishara na nyuma ya pazia namwona Siti kajifunga kanga mdomoni asicheke.

Tamimu akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta. "Karibuni," akasema. "Karibuni nyote."

Tukakalishwa mkekani, bibi katikati. Gharibu akakohoa, akatoa maneno aliyoyabeba kutoka Tanga. "Tumeona ua kwenye bustani yako..."

"Ngoja, baba," bibi akamwambia. "Sijamaliza kumsalimia mwanangu. Felisiani, ng'ombe?"

"Wazima, mama."

"Mbuzi?"

"Wazima, mama." Akageuka kidogo kwa Gharibu, haraka, kama mtu anayevuka barabara. "Posa nimeipokea, shehe."

"Na majirani?" bibi akasema.

Na hapo alikuwa hajafika hata nusu.