Boti Iliyonunuliwa kwa Masikio

Mume wangu alinunua boti kwa masikio. Macho alikuwa nayo, tena mazuri, maana yalimtoa salama kwenye barabara mbovu za kila namna miaka yote aliyoendesha malori ya watu. Lakini siku ya kununua aliyafumba, akainamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza injini ikinguruma, na uso wake ukalainika kabisa. Mimi nilikuwa nimesimama ufukweni na viatu mkononi. Nikajua tumeshanunua, kilichobaki ni kujadili bei kwa adabu tu.

Mtaa mzima unamwita Dereva. Hata mimi namwita hivyo, hasa nikiwa nimekasirika. Alipostaafu na kupata kiinua mgongo chake, kila mtu alidhani atanunua gari. Akasema magari yamemchosha, barabarani kuna mashimo na askari, majini hakuna. Nikamwambia majini kuna maji. Hakucheka.

Ukweli ni kwamba boti ilikuwa kwa ajili ya mdogo wangu. Huyu ni kitinda mimba wetu, nimemlea mimi baada ya mama kufariki, nimemfunga viatu na kumpiga makofi kwa mikono hii hii. Tangu aache shule anavua kwenye vyombo vya watu. Na uvuvi wa ziwani una utaratibu wake: chombo kikirudi, kwanza linatengwa fungu la chombo, halafu fungu la mashine, halafu fungu la nyavu, na kinachobaki ndicho wanachogawana waliolowa. Mafungu yote ya kwanza ni ya mwenye chombo, ambaye muda huo alikuwa amelala kwake. Wanamwita tajiri, hata kama suruali yake ina kiraka. Dereva akasema, kwa nini shemeji asiwe nahodha wa chombo chetu wenyewe? Hesabu hiyo hata mimi niliipenda. Nikatoa akiba yangu yote ya cherehani, nikaiweka juu ya ile ya kwake.

Siku ya ukaguzi Dereva alikuja na rafiki yake, fundi wa gereji. Hapo ndipo ningepaswa kucheka au kulia, mojawapo. Waliikagua boti kama gari. Walinusa oili, wakafungua plagi, wakatazama rangi ya moshi, wakauliza inakula mafuta kiasi gani. Fundi aliinama mpaka chini, kwa mazoea tu nadhani, akakuta mchanga, akainuka akijipangusa magoti. Muuzaji, mtu mpole wanayemwita Taratibu, alijibu kila swali bila haraka, mkono wake umetulia juu ya rangi ya bluu ambayo bado ilikuwa inanukia. Mbao hakuna aliyeziuliza habari.

Mimi nikauliza mbona imepakwa rangi juzijuzi. Taratibu akasema bibi harusi lazima apambwe, mama. Wanaume wote wakacheka. Mdogo wangu alicheka nao, lakini alikuwa anaangalia pembeni. Aliizunguka boti mara moja, akaigonga hapa na pale kwa vifundo vya vidole, shemeji yake akamuuliza vipi. Akasema chombo kinafaa. Basi, pesa zikahesabiwa, watu wakapeana mikono, na kufika jioni tayari wavuvi pale ufukweni walikuwa wananiita mama tajiri. Sitaki kudanganya, nililipenda jina hilo. Nilitembea nalo mpaka nyumbani shingo imenyooka.

Safari ya kwanza ilipangwa iwe Jumamosi, mdogo wangu kwenye usukani, Dereva ndani kama mwenye mali, na vijana wawili wa nyavu. Alhamisi nikasema haiwezekani chombo changu kiende na uchafu wa watu wengine. Nikachukua ndoo, sabuni, brashi na kijiko cha zamani cha kukwangulia, nikaenda kuisafisha boti pale ilipovutwa juu ya mchanga. Nilianzia ndani, chini kabisa, ambako kulikuwa na ukoko wa lami na magamba ya samaki. Nikakwangua. Kijiko kikazama.

Sikukitia nguvu. Kilizama kama kwenye kiazi kilichoiva, mpaka kwenye mpini. Nilipokichomoa kikatoka na kitu cheusi chenye maji, kinanuka kama kitambaa kilichosahaulika kwenye beseni. Nikajaribu kando yake, kikazama tena. Nikatoka, nikainama upande wa nje, nikakwangua rangi ya bluu. Chini yake kulikuwa na puti, ile ile wanayosawazishia bodi za magari, na chini ya puti hapakuwa na ubao wa kusema ni ubao. Nikakaa kwenye mchanga, ndoo mapajani. 

Mdogo wangu alikuwa mbali kidogo, anatengeneza nyavu. Nikamwita kwa sauti ambayo hata yeye aliishangaa, maana alikuja mbio. Nikamwonyesha. Hakuuliza ni nini. Alichofanya ni kuangalia nyuma yake kama kuna mtu, kisha akaliziba lile tundu kwa kiganja.

"Umemwambia shemeji?" akaniuliza.

Hapo nikaelewa. "Ulijua."

"Nilijua siku ile ile. Niligonga, ikaitika vibaya."

"Na ukasema kinafaa."

"Kwa mimi kinafaa, dada." Akakaa karibu yangu, kiganja bado kipo pale pale. "Wewe unadhani hivyo ninavyopanda kila siku vikoje? Umeshawahi kuja kuvikwangua? Vyote viko hivi, vingine zaidi. Tofauti ni moja tu. Kule nikiona hali ya hewa imebadilika sina ruhusa ya kusema turudi. Nahodha anamwogopa tajiri, na tajiri yuko kitandani. Hapa usukani ni wangu. Nikiona vibaya nageuza, hakuna wa kuniuliza."

Nikamwambia amechanganyikiwa. Akasema hapana, amepiga hesabu. Angevua karibu na nchi kavu tu, polepole angepata pesa za mbao, angebadilisha ubao mmoja mmoja bila mtu kujua. Kisha akaniambia neno ambalo mpaka leo sijalisahau. Akasema nikimwambia Dereva, boti itafungwa, na Jumatatu yeye atarudi kwenye chombo cha tajiri wake wa zamani, ambacho ni kibovu kuliko hiki. "Sasa utakuwa umeniokoa na nini?"

 Nilikuwa nafikiria kila usiku niliolala usingizi mzito huku yeye yuko majini. Sikuwahi kuuliza amepanda nini. Chombo kilikuwa cha mtu mwingine, kwa hiyo na uoza wake ulikuwa wa mtu mwingine, na mimi nilichokuwa nauliza asubuhi ni kama wamepata samaki. Sasa uoza ulikuwa na jina langu. Niliona aibu, na nilimwonea hasira yeye kwa kunifanya nione aibu.

Ijumaa nilishinda nashona vibaya, nikafumua, nikashona tena. Kufika wakati wa chakula nikashindwa kuficha zaidi. Nikamwambia Dereva yote, isipokuwa jambo moja. Aliweka tonge lake chini, akachukua kijiko, akatoka bila kunawa. Aliporudi alikuwa na puti na rangi ya bluu kwenye kucha. Akasema puti hiyo anaifahamu, mabosi wake walikuwa wanaipaka kwenye malori wakitaka kuyauza. Njiani alikuwa amepitia kwa Taratibu. Taratibu alimkaribisha kiti, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kwa upole kama si yeye mwenyewe aliyeikagua boti, tena na fundi wake. Mume wangu alinisimulia hayo anaangalia sakafu. Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kumwambia, nikayameza.

"Na shemeji?" akauliza. "Hakuona?"

"Hakuona," nikasema.

"Niliona," akasema mdogo wangu. Alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu saa ngapi.

Nilidhani watapigana. Ingekuwa afadhali. Dereva alianza kuzungumza kwa sauti ya chini, akasema kuna siku bosi alimkabidhi lori halina breki, akamwambia ashuke nalo mlima taratibu tu, na bosi huyo akaenda kulala. Hakuwahi kunisimulia hilo. Akasema alishuka mlima huo mkojo ukimtoka. "Siwezi kuwa huyo bosi, shemeji. Mtu hapandi chombo changu kikiwa hivi. Nimemaliza."

"Sawa, tajiri," akasema mdogo wangu, akaondoka. Hakumwita shemeji.

Nilimpenda mume wangu usiku ule kuliko siku nyingi. Kilichonivuruga ni kilichofuata. Jumamosi tulimleta fundi wa boti, ambaye tungepaswa kumleta mwanzo, akatembea na nyundo yake ndogo kutoka mbele hadi nyuma, akasema mbao zote za chini zitoke. Alipotaja gharama, tulitazamana. Hatukuwa na kitu. Tulikuwa na injini tu. Fundi mwenyewe akasema mashine ile ni nzuri, ikiuzwa leo inatosha mbao zote, misumari na ufundi, na chombo kinaweza kuvua kwa kasia na nyavu karibu na nchi kavu mpaka kipate mashine nyingine.

Dereva akasema injini haiuzwi.

Aliifungua, akaibeba kwa toroli mpaka nyumbani, akaifunga kwenye ukingo wa pipa la maji uani. Jioni akaiwasha. Ikanguruma vizuri kweli, maji yakachemka ndani ya pipa, majirani wakachungulia. Alikaa kwenye kigoda anaisikiliza, kichwa upande. Nikamwambia Dereva kwamba mdogo wangu ana shughuli Jumatatu, na kwamba yeye mwenyewe anajua ni shughuli gani. Akasema anajua. Nikamwambia pipa halivui samaki. Akaizima, akanijibu kwamba katika ununuzi wote ule hicho ndicho kitu pekee alichokitambua sawasawa, na mimi nataka akiuze ili abaki na magogo aliyouziwa kama mbuzi kwenye gunia. Akaomba nimpe wiki moja tu azoee. Nilimwambia wiki hiyo haitakuwa yake, itakuwa ya mdogo wangu majini. Nikaenda kulala nimenuna, kana kwamba kununa kungebadilisha kitu.

Jumapili nilimfuata mdogo wangu kwake, nikamsihi asubiri, shemeji yake atalainika, namfahamu. Akauliza lini. Nikasema wiki moja, labda mbili. Mke wake alikuwa anapepeta mchele uliokuwa kidogo kwenye ungo, akaacha kupepeta ili asikie jibu. Mdogo wangu akasema yeye ni baharia wa watu, akikosa siku tatu nafasi yake inachukuliwa. Alilisema bila ukali, na hapo ndipo aliponiumiza.

Jumatatu mchana nikafunga cherehani, nikaenda ufukweni peke yangu. Dereva nilimwacha uani anapangusa injini kwa kitambaa. Chombo cha tajiri wa mdogo wangu, walichokuwa wanakisukuma majini, nilikuwa nimekiona mara nyingi, kina rangi nyekundu nzuri, na ilikuwa mara ya kwanza nakitazama. Nikapitisha ukucha kwenye ubavu wake. Rangi ikabanduka, na chini yake nikaona kile nilichokuwa naogopa kukiona.

Tajiri mwenyewe alikuwepo siku hiyo, mtu mzito mwenye ucheshi. Akanisalimia kwa heshima, akauliza kama tajiri mwenzake amekuja kumnyang'anya baharia. Mabaharia wakacheka. Mdogo wangu alikuwa ameshapanda, amekaa katikati, hakuinua uso.

"Chombo chako kimeoza," nikamwambia yule tajiri, mbele ya watu.

Kicheko kikakatika. Hakukasirika. Alinisogelea, akashusha sauti, kama mtu anayezungumza na mwenziwe wa kazi moja.

"Na chako je?"

 Nilitaka kusema changu nimekivuta nchi kavu, changu hakina mtu ndani. Nikamtazama mtu wangu aliyekuwa ndani ya cha kwake. Wakasukuma. Nikaingia majini na nguo zangu, nikashika ubavu wa chombo, nikamwambia mdogo wangu ashuke, injini itauzwa leo leo hata kama ni kwa kuiiba, nitaibeba mgongoni mwenyewe. Akaibandua mikono yangu, kidole kimoja baada ya kingine, kwa upole kama nilivyokuwa nikimfanyia yeye alipokuwa mdogo na hataki kuniachia nguo. Akasema, "Nenda nyumbani, dada. Watu wanatuangalia."

Mashine ikawashwa, chombo kikageuka. Nilisimama maji yakiwa kiunoni, nikimtafuta kati ya migongo ya wanaume, nikampata kwa shati lake. Alikuwa ameinama, ameshika kopo, anachota maji na kuyamwaga nje, anachota na kuyamwaga, na walikuwa hawajafika hata mahali ambapo mtu anaweza kuzama.