Hatua ya Beseni

Mama yangu ana ulimi mkali na mikono mizuri. Mchana vyote viwili vinafanya kazi katika duka lake la kufulia na kupiga pasi nguo. Jioni, tukishasukuma vyuma vya kutundikia suti za watu mpaka ukutani, vinafanya kazi ya kufundisha kung fu. Chumba kinanuka wanga na mvuke. Mwanafunzi akikosea, mama humwambia, "Hiyo ngumi imekunjamana, irudie." Na mwanafunzi huirudia, hata akiwa ni yule muuza nyama tunayemwita Bonge, ambaye akisimama mlangoni chumba kizima kinaingia giza.

Mwingine anayefundisha kung fu mtaani kwetu ni Fundi Cheche, mchomeleaji wa mageti. Si ndugu yetu wa damu, lakini mimi namwita mjomba tangu nilipoanza kusema, kwa sababu yeye na mama walifundishwa pamoja, na mwalimu mmoja, katika umri ambao wenzao walikuwa wakijifunza kucheza dansi. Wanapendana kama ndugu, maana yake hawaachi kuchokozana. Mimi nililelewa kati ya duka na karakana. Siku za kazi nilijifunza kwa mama, na Jumamosi kwa mjomba, katikati ya mageti ambayo hayajapakwa rangi.

Wote wawili walifundisha fomu moja. Fomu, kwa asiyejua, ni mapigo na hatua na mizunguko iliyopangwa, unaicheza peke yako kana kwamba watu wamekuzunguka wanataka kukupiga. Sisi tulikuwa na hiyo moja tu, ndefu, na ndiyo mali yote aliyotuachia Mwalimu. Lakini ya dukani na ya karakanani zilifanana kama ndugu wawili waliolelewa na bibi tofauti. Ukiwaona tu unajua ni ndugu, ukiwasikiliza unashangaa.

Kwa mjomba, kwa mfano, kila ngumi ilikwenda na shingo. Mkono ukitoka mbele, uso unageukia pembeni. Wanafunzi wake wote walipiga hivyo, mstari mzima, kama watu waliogombana na ngumi zao wenyewe. Mjomba alisema ni mbinu ya kumchanganya adui. Mama alisema adui atachanganyikiwa kweli, atadhani anapigwa na mtu anayesubiri basi.

Tofauti kubwa, hata hivyo, ilikuwa katikati ya fomu. Pale, baada ya kugeuka kushoto, mjomba anaruka. Anaruka juu, anatoa teke hewani, anatua chini kabisa. Mama haruki. Anateremsha makalio, anaweka viganja viwili chini ya kitovu, kimoja juu ya kingine, kisha anazunguka taratibu, nyayo zikikwaruza sakafu. "Hapa umebeba beseni la maji," huwaambia wanafunzi. "Ukimwaga, utapiga deki." Tuliiita hatua ya beseni, na jamani, ilikuwa nzuri. Tena ilifanya kazi. Siku moja mlevi alimrushia Bonge teke pale buchani. Bonge aliudaka ule mguu, akaukumbatia tumboni, akazunguka nao taratibu mpaka mlevi akaomba radhi kwa ukoo mzima.

Kila ubishi ulipozuka, mama alikuwa na jibu moja. "Mwalimu alinivuta pembeni, Cheche anaona. Akaniambia, wewe usiruke tena, wewe zunguka hivi. Mimi. Peke yangu."

"Alikuona umechoka, dada," mjomba alimjibu. "Hiyo ndiyo siri yenyewe."

Mama alicheka, lakini najua jinsi alivyoithamini hatua ile. Maisha yake yote amefua na kunyoosha vitu vya watu wengine. Ile ilikuwa yake. Mtu aliyemheshimu kuliko wote alimtazama katikati ya wanafunzi, wengi wao wanaume na wenye nguvu kumpita, akampa yeye kitu ambacho wengine hawakupewa. Akiicheza hatua ile, uso wake ulikuwa unapoa kama wa mtu aliyeketi.

Basi Mwalimu akatuma salamu kwamba anakuja. Alikuwa fundi lifti kabla hajastaafu na kuhamia kwa mwanawe, mji mwingine kabisa. Akasema macho ya Cheche yameanza kumsumbua, mgongo wa mama nao hauna hali, na yeye mwenyewe magoti yamemuaga. Alitaka madarasa mawili yawe moja, na darasa hilo nipewe mimi, kwa kuwa ndimi niliyekulia kote kuwili. Siku hiyo nitaicheza fomu mbele ya watu wote. Nitakavyoicheza, ndivyo itakavyofundishwa.

Watu walinipongeza. Mimi nilikosa usingizi.

"Cheza unavyojua," mama aliniambia. "Mimi sikulazimishi." Nyumbani kwetu hakuna kulazimishwa kukubwa kuliko huko. Alikuwa anapiga pasi kola ya shati, na aliendelea kuipiga muda mrefu ingawa ilikuwa imeshanyooka. Kisha akasema bila kunitazama, "Ila ukiruka, nitakuwa nimejua kwamba nilichofundisha miaka yote ni mchezo wa watoto. Darasa langu nitalifunga kabla hamjaja kulichukua."

Nikatamani kumwambia asiwe hivyo, lakini mama ni hivyo. Na mjomba, nilipomsimulia, naye hakunisaidia. Alikuwa amenichomelea kizingiti cha chuma cha kufanyia mazoezi ya kuruka, akakipaka rangi niipendayo, akakileta mwenyewe begani. Ningezunguka, ningemuumiza mtu aliyenifundisha kutua bila kuvunjika miguu. Ningeruka, ningemnyang'anya mama kitu chake pekee, mbele ya watu, kwa miguu aliyonipa yeye.

Tulikutana karakanani kwa mjomba, Jumapili asubuhi, mageti yote yameegemezwa ukutani. Mwalimu alifika amevaa soksi na ndala. Nilimwamkia, akaitikia huku akihema. "Maisha yangu yote nimetengeneza lifti," alisema, "na uzeeni naishi ghorofa isiyo na lifti. Haya, nipeni kiti na kitu cha kutafuna." Akapewa kiti na pakiti ya biskuti. Bonge na wenzake wa dukani walikaa upande mmoja, wa karakanani upande wa pili. Mama alikaa juu ya kopo kubwa la rangi, mgongo wima. Mjomba alisimama karibu na mashine yake, akifuta mikono ambayo haikuwa michafu.

Nikaanza. Mwanzo ulikwenda vizuri, maana mwanzo hauna mgogoro ukiacha shingo, na shingo nilikuwa nimeamua zamani kwamba nitaangalia ninakopiga. Nilisikia Mwalimu akitafuna. Nilifika katikati, nikageuka kushoto.

Nikasimama.

Si kwamba nilipanga. Mwili ulikataa tu. Mguu mmoja ulikuwa tayari kuruka, mikono nayo ilikuwa imeshaanza kushuka kitovuni, nikabaki nimeganda hivyo, nusu huku nusu kule, na watu wote wananitazama.

"Umesahau?" Mwalimu akauliza.

"Sijasahau, Mwalimu. Nakumbuka mbili."

Hapo ndipo mjomba aliposema kwamba anayejua anajua, pale ni kuruka, na mama akasema kwamba aliyefundishwa pembeni hawezi kubishana na aliyefundishwa kwenye foleni. Bonge akaitikia, "Kabisa." Upande wa karakanani nao ukaanza kunguruma. Mwalimu aliinua biskuti yake juu, wakanyamaza.

"Nionyesheni," alisema.

Mjomba aliruka, na kwa umri wake aliruka vizuri, ingawa alipotua tulisikia magoti. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Kisha mama akainuka. Alishuka, akaweka viganja mahali pake, akazunguka. Hata wa karakanani walitulia. Mwalimu aliacha kutafuna.

"Hiyo kakufundisha nani?"

Sitasahau uso wa mama. "Wewe, Mwalimu."

"Mimi?" Alikunja uso, akatazama juu kwenye mabati kana kwamba jibu lilitundikwa huko. Halafu akanitazama mimi, kuanzia miguuni hadi kichwani, akamrudia mama. "Huyu ndiye kifungua mimba wako?"

"Kifungua mimba na kitinda mimba. Ni huyu huyu tu."

"Basi ni yeye," alisema Mwalimu. "Ni huyu."

Hakuna aliyeelewa. Ikabidi aweke pakiti chini.

"Wewe hukuwahi kupepesuka ukitua," alimwambia mama. "Ulitua vizuri kuliko wote. Halafu ukaanza kupepesuka. Nikakutazama unavyotembea. Mimi nyumbani nimeona mimba si haba, naujua ule mwendo kabla haujaonekana na mtu. Nikaona wewe mwenyewe hujajua. Sasa mimi mwanaume, tena mwalimu wako, nitakuambia nini? Nitaanzia wapi? Na ukiendelea kuruka, je? Nikakuvuta pembeni, nikakutungia kitu cha kukukalisha chini. Nikasema moyoni, akijua ataelewa. Akijifungua ataacha."

"Sikuacha," mama alisema polepole.

"Hukuacha. Ulirudi na huyu mgongoni, ukaicheza vile vile. Nikajiandaa kukuambia. Lakini nikaiona, na ilikuwa nzuri. Nzuri kuliko kuruka. Nikanyamaza, kisha nikahama."

Kutoka nyuma ikasikika sauti ya Bonge, ya adabu sana. "Samahani, Mwalimu. Kwa hiyo mimi miaka yote hii nimebeba mimba?"

Watu walicheka mpaka mageti yakalia. Mjomba alicheka kuliko wote, amejishika mbavu, mpaka Mwalimu alipomgeukia.

"Na wewe usicheke. Wanafunzi wako wana nini shingoni?"

"Ni mbinu, Mwalimu."

"Ni kuchomelea. Unakimbiza macho cheche zisikuingie. Mimi nilikufundisha lini kumpiga mtu usiyemwangalia?"

Sasa ikawa zamu ya upande wa dukani. Mjomba alijaribu kurusha ngumi moja hapo hapo ili kuthibitisha, na shingo ikamsaliti. Mwalimu naye akacheka, akafuta macho kwa kona ya shati. "Mimi mwenyewe nilifundishwa na Mchina mmoja, mpishi wa kambi ya wajenzi," alisema. "Alikuwa ananifundisha huku anakoroga chungu. Mpaka leo ule mkono wa kulia wa mwanzo sijui ni ngumi au ni upawa."

Mama peke yake ndiye ambaye hakucheka. Alikuwa amerudi kwenye kopo lake la rangi, mikono mapajani, akitazama viganja vyake. Roho iliniuma. Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake.

"Mama."

"Nilidhani alinichagua," alisema kwa sauti ya chini. "Kwamba aliona kitu kwangu."

"Aliona kitu."

Alinitazama. Nilijua anahesabu miezi, maana mdomo wake ulikuwa unacheza. "Alijua kabla ya baba yako," alisema. "Alijua kabla yangu. Mimi nilidhani ni malaria." Akanishika kidevu, vidole vyake vikavu kwa sabuni ya kila siku. "Miezi yote ile nilikuwa nikifanya mazoezi ya siri yangu, nimevimba kichwa, kumbe nilikuwa nazunguka na wewe."

Mjomba alikuwa amesogea. Alisimama nyuma yangu, akakohoa. "Dada, usifunge darasa. Ukifunga, Bonge ataenda kliniki wapi?"

Mama alijaribu kununa. Nilimwona akijitahidi. Lakini kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha mabegani, kisha akainama na kucheka hadi machozi, na baadhi ya machozi yale hayakuwa ya kicheko. "Sifungi," alisema alipopata pumzi. "Wapo wanaohitaji kubeba. Na wewe nenda ukanunue miwani."

"Fomu haijaisha," Mwalimu akatukumbusha, mkono umesharudi kwenye biskuti.

Nilisimama. "Nicheze ipi, mama?"

Alinikagua jinsi anavyokagua suti kabla ya kumkabidhi mwenyewe, mabega, mikono, pindo. Akanitoa uzi begani ambao sidhani kama ulikuwepo.

"Nimekubeba vya kutosha," alisema. "Ruka."

Nikarudi katikati, nikaanza upya tangu salamu. Ngumi, nikiangalia mbele. Upawa, au chochote kile. Nikageuka kushoto, nikaruka, na nakuapia sijawahi kuruka vile tena. Nilitua chini kabisa bila kupepesuka. Mjomba alitoa pumzi aliyokuwa ameizuia.

Kutoka pale fomu inakugeuza kuelekea ukutani, kule alikokuwa mama. Alikuwa bado ameketi juu ya kopo la rangi, macho ameyafumba, viganja viwili chini ya kitovu, kimoja juu ya kingine, na mabega yake yalikuwa yakizunguka taratibu, kwa uangalifu, asimwage.