Mawe ya Kufulia

Winrose alikuwa na miaka thelathini na miwili alipopewa kazi iliyomrudisha kwenye mto wa kwao. Alikuwa akitengeneza programu za simu katika ofisi ndogo mjini Nakuru, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Mkubwa wake, Ekta, alikuwa amepata ufadhili wa kujenga jukwaa la mtandaoni ambapo wanawake wanaoishi kando ya mito wangesimulia maisha yao kwa lugha zao wenyewe.

"Wewe ni mtu wa Rongai, umelelewa na Mto Molo," Ekta alimwambia. "Anzia huko. Na usiniletee kitu ambacho mama yako hawezi kutumia."

Winrose alilishika neno hilo. Mama yake, Emmy, aliacha shule darasa la tatu, na simu yake aliijua kwa rangi na picha tu. Kwa hivyo Winrose alitengeneza jukwaa lisilo na kitu cha kuandika. Ukifungua, unaona picha ya mdomo na picha ya sikio. Unabonyeza mdomo, unaongea, unaachilia. Hadithi inakaa kwenye simu mpaka mtandao upatikane, kwa sababu kule mtoni mtandao huja na kupotea. Akaliita Sauti za Mto.

Miezi miwili aliyokuwa akilijenga, alijikuta akiwaza sana Jumamosi za utotoni. Siku hiyo wanawake wa kijiji walishuka mtoni na mabeseni, mablanketi na watoto. Kila mama alikuwa na jiwe lake la kufulia, na ole wa mgeni aliyekalia jiwe la mwenyewe. Sabuni ya kipande ilinukia mpaka ng'ambo. Mablanketi yalianikwa juu ya vichaka, na chini yake watoto walijifanyia nyumba zenye giza la rangi nyekundu na samawati. Chai ilichemkia kwenye sufuria nyeusi, viazi vitamu vikaletwa vimefungwa kwa kitambaa, na mazungumzo hayakukoma mpaka jua lilipoanza kushuka.

Katikati ya mazungumzo hayo alikuwa Chelangat, rafiki mkubwa wa mama yake. Chelangat alipoteza kusikia akiwa mdogo kwa homa kali, na hakuwahi kupelekwa shule ya viziwi. Yeye na wenzake wa mtoni walijitungia lugha yao ya mikono. Kugusa kidevu mara mbili ilikuwa chifu, kwa ajili ya ndevu zake. Vidole vilivyobanwa na kufunguliwa kama mdomo wa bata, huyo alikuwa mke wa mchungaji. Chelangat angeanza kusimulia jambo la juzi, na wanawake sita wazima wangeacha nguo zikielea huku wamejishika mbavu. Winrose mdogo aliamini kwamba watu wazima wote wanajua kuongea kwa mikono, kama vile wote wanavyojua kuwasha moto.

Na kulikuwa na hadithi nyingine ya mto ambayo aliijua kwa moyo. Akiwa na miaka minne aliteleza akaingia kwenye maji yaliyojaa, na mama yake akajitosa na nguo zake zote akamtoa. Emmy aliisimulia Krismasi, akaisimulia arusi za watu, akaisimulia tena siku Winrose alipohitimu chuo.

Jukwaa lilipokuwa tayari kujaribiwa, Winrose alisafiri hadi Rongai na simu sita. Wanawake kumi na tisa walikusanyika katika ukumbi wa kanisa. Mambo yalienda vizuri kuliko alivyotarajia. Nyanya mmoja aliongea dakika arobaini bila kupumua. Wengine walisikiliza sauti zao na kucheka kwa aibu.

Chelangat alikuwa ameketi nyuma. Alikuwa ameona watu wakienda kanisani siku isiyo ya ibada, akawafuata. Winrose alimwendea kwa furaha, akamsalimia kwa mikono yote miwili, na bila kufikiri akamwekea simu kiganjani.

Chelangat alitazama picha ya mdomo. Akatazama picha ya sikio. Akamtazama Winrose usoni kwa muda, kisha akamrudishia simu kwa adabu, kama mtu anayerudisha kikombe cha chai aliyomaliza, akasimama na kutoka nje.

Juu ya mlango wa ukumbi Winrose alikuwa ametundika karatasi yenye maneno: Kila mwanamke ana sauti. Aliishusha kabla ya mkutano kwisha.

Jioni alimkuta mama yake jikoni akichambua mboga za managu.

"Mama, Anti Chelangat anaongea na nani siku hizi?"

Emmy aliendelea kuchambua. "Ana vijana wake. Wako Eldoret, wanamtunza vizuri."

"Wanajua ile lugha yenu?"

"Wanamwonyesha vitu kwa kidole."

"Basi anaongea na nani?"

Emmy aliweka sinia chini. "Mfereji wa maji uliletwa mpaka majumbani mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu," alisema polepole. "Tulishukuru sana. Kila mtu akaanza kufua kwake. Tulikuwa sita tuliokuwa tukimwelewa. Wawili tumezika. Mama Wanyonyi alirudi kwao Bungoma. Wengine wawili walihamia Olenguruone. Nimebaki mimi."

"Na wewe ulienda kwake lini mara ya mwisho?"

"Msiba wa mzee wake."

"Mama, hiyo ni miaka saba."

"Najua ni miaka mingapi," Emmy alisema, na hakula chakula chake usiku huo.

Asubuhi, kabla Winrose hajasema lolote, mama yake alikuwa tayari amevaa. Walitembea kilomita moja tu katikati ya mashamba ya mahindi. Chelangat alikuwa mlangoni akipukuchua mahindi. Alipomwona Emmy hakuinuka. Emmy aliinua mikono, akaanza, akasahau, akaanza tena. Ishara moja aliikosea kabisa, maana Chelangat alimtazama kwa mshangao, kisha akamshika vidole na kuvipanga upya kimoja kimoja, akamchapa kiganja kama mwalimu. Hapo wote wawili walicheka, na Emmy akaketi chini kwenye maganda.

Winrose alieleza, mama yake akitafsiri: angependa kumrekodi kwa video, yeye asimulie kwa mikono, Emmy aseme kwa mdomo. Chelangat aliingia ndani akabadilisha kitambaa cha kichwa. Alipotoka, alionyesha upande wa mto. Hakutaka kusimulia akiwa mahali pengine.

Mto ulikuwa umepungua. Pampu za kunyunyizia mashamba zilinguruma pande zote, na njia ya zamani ilikuwa imefunikwa na nyasi. Lakini mawe yalikuwepo. Emmy alilijua lake, Chelangat akalijua lake. Walikalia mawe yao, na Winrose akasimama mbele yao na simu.

Chelangat alianza na vituko. Alisimulia siku mke wa mchungaji alipotumbukia na viatu vya kisigino. Emmy alikuwa akitafsiri huku akifuta machozi ya kicheko: "Nilimwona akija, nikajua leo ni leo. Nikamwambia Emmy tazama, tazama." Mikono yake ilikuwa imeanza kukumbuka, na maneno yalitoka bila kukwama.

Kisha Chelangat akaweka kiganja chini, kipimo cha mtoto mdogo, akamwelekezea Winrose kidole. Emmy akaacha kutafsiri.

"Mama, anasema nini?"

Chelangat alirudia, polepole zaidi, akidhani hajaeleweka. Emmy alitazama maji. Simu ilikuwa bado inarekodi, na Winrose hakuizima.

"Anasema," Emmy alianza, kisha akasafisha koo na kurudi kwenye sauti ya kusimulia. "Siku hiyo Emmy hakuwepo. Alikuwa amepanda barabarani kutazama mapazia ya mitumba. Aliniachia mtoto. Niligeuka kukamua blanketi, na nilipogeuka tena mtoto hayupo. Sikuweza kuita mtu. Niliingia. Sijui kuogelea. Nilishika mzizi kwa mkono mmoja, nikamshika mtoto gauni. Nilimtoa mimi."

Maneno hayo ya mwisho Winrose alikuwa ameyasikia kutoka kinywa hicho hicho maisha yake yote. Sasa yalikuwa ya mtu mwingine.

"Nilimwogopa baba yako," Emmy alisema baadaye, kwa sauti yake mwenyewe. "Angeuliza nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwepo. Nilidhani nitamwambia ukweli akipoa. Lakini jirani akaja, nikalazimika kumsimulia vile vile, na kesho yake mwingine. Ikawa hadithi."

Chelangat alikuwa akisoma uso wake. Emmy alimgeukia akaeleza yote kwa mikono, mengine kwa ishara za mto, mengine kwa kujipiga kifua tu. Chelangat alimjibu kwa ufupi.

"Anasema alijua," Emmy alitafsiri. "Aliniona arusini nikisimulia. Aliona nikifanya hivi, nikiruka, nikivuta. Akajua nimejiweka mahali pake. Anasema hilo halikumkasirisha sana. Mtoto alikuwa mzima, inatosha. Anasema kilichomkasirisha ni mfereji. Nilipopata mfereji, nikamwacha."

Winrose alishusha simu. Alimwendea Chelangat akapiga magoti kwenye changarawe, na kwa vile hakuwa na ishara hata moja ya jambo alilotaka kusema, aliiweka mikono ya yule mama juu ya kichwa chake. Ilikuwa mizito na mikavu, na ilikaa pale muda mrefu.

Jumatatu alimwonyesha Ekta video yote. Ekta aliitazama hadi mwisho bila kugusa chai yake. Wafadhili walikuwa wanatarajia jukwaa baada ya wiki tano.

"Nilikwambia kipimo ni mama yako," Ekta alisema. "Nilifikiri hiyo ilitosha. Tunahitaji muda gani?"

"Miezi mitatu."

"Nitawaandikia."

Walibomoa karibu kila kitu. Jukwaa jipya lilipokea sauti na video kwa usawa. Mwanamke angeweza kuja na mkalimani wake mwenyewe, dada, jirani, yeyote anayemwelewa, na hadithi haikwenda popote kabla mwenyewe hajaitazama na kuikubali. Hilo la mwisho lilitoka kwa Chelangat, aliyetaka kujua Emmy anasema nini kwa niaba yake. Jina la Sauti za Mto liliondolewa. Wanawake wenyewe wakachagua Mawe ya Kufulia.

Winrose alimuuliza mama yake kama angependa ile hadithi ya mapazia iachwe nje. Emmy alifikiri siku mbili, kisha akapiga simu akasema iwekwe, mradi isiwekwe kabla hajawaambia dada zake kwa mdomo wake. Aliwaambia. Mmoja alicheka, mwingine hakumsemesha mpaka Pasaka.

Siku hizi Emmy huenda kwa Chelangat kila Jumamosi, na mara nyingine hubeba nguo za kufua ingawa mfereji uko. Mwezi uliopita ilikuja video kutoka Olenguruone, ya mama kiziwi ambaye hakuna aliyekuwa akimjua. Alisimulia kwa mikono jambo refu, na ishara zake hazikufanana na za Rongai. Chelangat aliitazama mara nne. Alielewa kwamba kuna ng'ombe, na kwamba kuna mvua, na kwamba mtu mmoja katika hadithi hiyo ni mjinga. Alimwambia Emmy ashike simu vizuri amrekodi, akaketi wima, akaanza kumuuliza yule mama maswali.