Kifo Chenye Kofia

Picha ilitoka Ulaya, imekunjwa mara nne, karatasi imekuwa rangi ya chai. Apolline aliikunjua kwenye chumba cha kuchapia cha misioni, Kasongo, penye patasi alizoachiwa na marehemu mume wake. Pichani, watu wa huko Ulaya, miaka themanini nyuma, walikuwa wamemwasi mfalme wao. Mbele yao kilitembea kifo: mifupa mitupu, kofia kubwa kichwani, bendera mkononi. Chini, maiti wamejaa barabara.

"Nichongee hii kwenye ubao," alisema mzungu wa mashamba, ambaye watu walimwita Bwana Pamba. "Ila watu wawe weusi; nitaibandika sokoni, waone mwisho wa waasi. Na yule mujinga anayefuata kifo, mupe sura ya Emile. Ubao ukiisha, anatoka jela."

Emile alikuwa mdogo wake Apolline, tumbo moja. Alikaanga mbegu za pamba waliyolazimishwa kulima, kabla ya kuzipanda, zikakataa kuota, na sasa mgongo wake umechanwa kwa fimbo.

"Ndiyo, Bwana." Neno lilimtoka chungu kama kwinini.

Alikumbuka kitendawili alichokuwa akitega Emile: amevaa shamba langu, mimi niko uchi. Jibu lilikuwa limesimama hapo mbele yake na suti ya pamba na kofia kubwa, linavuta sigara.

Alichonga kwa hasira, vipande vikiruka. Anapokata, karatasi itabaki nyeupe. Anapoacha, wino utashika. Basi mifupa itatoka myeupe pee. Mkono ukasimama. Kwao wafu walizikwa upesi, wamefungwa mikeka. Nani aliwahi kuona mifupa ikitembea na kofia? Bwana Pamba amekulia kwenye picha hizi, ataona kifo. Lakini watu wa sokoni je?

Akafuata karatasi mstari kwa mstari.

Ubao ukaisha, na Jumapili Emile alitoka jela. Apolline akamtia mihogo mkononi. "Usilale hapa. Shika njia ya Nyangwe, uvuke mto Lualaba leo leo."

"Na wewe, yaya, dada yangu?"

"Miye niko na kazi. Nenda!"

Jumatatu, siku ya soko, picha zilibandikwa kwenye ghala la pamba. Cécilia, muuza samaki, akasogea na beseni lake.

"Ee! Bwana Pamba amekonda hivi?"

"Na hawa wamelala chini?" mwenzake akauliza.

"Si ni sisi, kwa kulima! Muangalie Emile anavyomukimbiza!"

Soko zima likapasuka kwa kicheko.

Bwana Pamba alifika chumba cha kuchapia na askari wawili, uso umeiva. "Umenichora mimi!"

"Nimechora karatasi yako, Bwana. Kama umejiona humo, si mimi."

"Chonga ingine! Mifupa iwe nyeusi!"

"Hapana."

Hakuwahi kumwambia mzungu neno hilo. Lilipotoka, mengine yakalifuata mbio. "Kifo cha kwetu kilikuwa kinakuja peke yake, kinachukua mumoja, kinaenda. Hiki chenye kofia mulikileta ninyi, na hakishibi!"

Askari mmoja alibabaika na kamba, macho chini. Apolline akamnyooshea mikono mwenyewe. Emile alikuwa ng'ambo ya Lualaba tangu jana.